Kutoa kizazi kwa sababu ya endometriozi, ukiwa bado kijana

Swali lililotufanya tuandike haya lilitufikia mlangoni mwa kanisa, baada ya ibada ya akina mama, kwa sauti ya chini. Dada mmoja wa kwaya, ambaye hajafika miaka thelathini, alituonyesha karatasi ya hospitali. Daktari alikuwa ameandika neno endometriozi, na chini yake pendekezo lake: kutoa kizazi. Alikuwa amepewa majuma mawili ya kufikiri. Mama yake mzazi alisema hapana. Mchumba wake alikuwa bado hajaambiwa lolote. Yeye mwenyewe alisema hivi tu: "Wamama, nimechoka na maumivu. Nikubali ao nikatae?"

Hatukumjibu siku hiyo. Sisi tunaoandika ni wauguzi wawili na mama mchungaji mmoja. Hakuna kati yetu aliye daktari wa upasuaji. Tulikaa, tukasoma, tukawauliza madaktari tunaofanya nao kazi, kisha tukamrudia. Ametupa ruhusa tuyaandike bila jina lake, kwa kuwa anajua hayuko peke yake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kila mwezi ukuta wa ndani wa kizazi hutandikwa upya, kama kitanda kinachongoja mgeni. Mimba isipoingia, tandiko hilo hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriozi, nyama inayofanana na tandiko hilo hupatikana mahali pasipo pake: juu ya ovari, ndivyo vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye ngozi nyembamba inayofunika matumbo, kwenye kibofu, hata kwenye utumbo mkubwa. Nyama hiyo hufuata mwezi sawasawa na ile ya ndani. Huvimba na kuvuja damu, lakini damu yake haina mlango wa kutokea. Hubaki pale, huchoma, huacha makovu, na makovu hugandamanisha viungo vilivyoumbwa kuteleza kimoja juu ya kingine. Ndiyo sababu dada anaumwa siku za hedhi hadi anatapika, na wengine huumwa wakienda chooni, wakiwa katika tendo la ndoa, au mwezi mzima bila kupumzika. Kwa wengine mimba huchelewa au haiji.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba wanawake na wasichana karibu milioni 190 wanao ugonjwa huu, yaani kama mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Hesabu mwenyewe safu za wamama katika parokia yako siku ya Jumapili. Chanzo chake hakijajulikana chote. Lakini haiambukizwi, haitoki kwa mwanaume, na haiji kwa sababu msichana alifanya jambo fulani la siri. Tunaandika hili kwa sababu dada huyu aliulizwa swali hilo katika chumba cha maombi, mbele ya watu.

Sasa karatasi ile. Jambo la kwanza tulilomwambia aulize ni: je, ni hakika kwamba ni endometriozi? Huku kwetu tumbo la chini likiuma, mara nyingi mtu hupewa dawa za infeksyo, zikiisha anapewa nyingine, na miaka inapita. Siku moja daktari mwingine anasema, labda ni endometriozi. Neno "labda" halina ubaya, maana ugonjwa huu ni mgumu kuuona. Ekografi inaweza kuonyesha uvimbe kwenye ovari uliojaa damu nzito ya zamani, lakini vidonda vidogo vilivyotawanyika mara nyingi haivionyeshi. Njia ya kuviona kwa macho ni selioskopi: daktari anaingiza kamera ndogo kwa tundu karibu na kitovu. Vifaa hivyo haviko kila mahali, ingawa mashariki yetu si jangwa kabisa. Kule Panzi, Bukavu, daktari Mukwege na mwenzake Guy-Bernard Cadière, mpasuaji kutoka Ubelgiji, wamefanya kazi pamoja miaka mingi kwa njia hiyo ya kamera.

Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilitoa mwongozo mpya unaokubali kwamba mgonjwa anaweza kuanzishwa dawa kwa dalili tu, bila kupasuliwa kwanza. Tunaona ni jambo jema kwa watu wa huku. Lakini kuanza dawa kwa "labda" na kutoa kizazi kwa "labda" ni mambo mawili mbali kabisa. Dawa ukiikosea unaiacha. Infeksyo ya muda mrefu, kifua kikuu kilichoshuka kwenye viungo vya uzazi, na fibromu vyote vinaweza kuuma mahali palepale, na kila kimoja kina dawa yake.

Jambo la pili ndilo lililomshangaza zaidi, nasi pia. Kutoa kizazi si dawa ya hakika ya endometriozi. Rudi kwenye maelezo ya juu: ugonjwa huu uko nje ya kizazi. Mpasuaji akitoa kizazi na kuacha vidonda kwenye utumbo au nyuma ya kibofu, hedhi itakoma, na maumivu yanaweza kubaki. Mwongozo ule wa 2022 unasema upasuaji huo unaweza kufikiriwa kwa mwanamke asiyetaka tena mimba na ambaye matibabu mengine yameshindwa, na kwamba vidonda vyote vinavyoonekana viondolewe wakati huohuo. Unasema pia kwamba mwanamke aambiwe mapema kuwa huenda asipone kabisa. Dada yetu hakuwa ameambiwa hivyo. Alidhani anabadilishana: watoto upande mmoja, maumivu upande mwingine. Mtu akiambiwa bei, aambiwe pia kile anachonunua.

Kuna ugonjwa wa jirani unaoitwa adenomiozi. Huo nyama yake iko ndani ya misuli ya kizazi chenyewe. Kizazi huwa kinene, damu inatoka nyingi sana, mtu anakaa na upungufu wa damu. Huo kweli huisha kizazi kikitolewa. Wengine wana yote mawili. Kwa hiyo swali kwa daktari liwe wazi: maumivu yangu yanatoka kizazini au nje yake?

Halafu kuna ovari. Huku kwetu watu husema "walimtoa kizazi" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ovari zinaweza kuachwa au kutolewa, na tofauti ni kubwa. Ovari ndizo zinazotengeneza homoni, na homoni ndizo zinazolisha endometriozi. Zikitolewa zote mbili, uwezekano wa maumivu kurudi hupungua. Lakini mwanamke wa miaka 28 huingia siku ileile katika hali ya bibi wa miaka 50 aliyekoma hedhi: joto la ghafla, usingizi kukatika, ukavu, na baadaye mifupa dhaifu na hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo. Anahitaji dawa ya homoni mpaka afikie umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, yaani miaka zaidi ya ishirini. Kabla ya kutia sahihi, tuma mtu kwenye maduka ya dawa ya mji wako aulize kama dawa hiyo inapatikana, kwa bei gani, na kama ilikuwepo mwezi uliopita pia. Barabara zikifungwa, na sisi tunajua zinavyofungwa, dawa hiyo haiwezi kungoja.

Wauguzi watatusamehe tukileta hesabu kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha habari za wanawake waliopasuliwa kwa endometriozi, wakiwafuata kwa miaka saba. Kati ya walioondolewa vidonda tu na kuachiwa viungo vyote, kama 45 kwa 100 hawakuhitaji kupasuliwa tena katika miaka hiyo saba. Kati ya waliotolewa kizazi na kuachiwa ovari, 77 kwa 100. Kati ya waliotolewa vyote, kama 92 kwa 100. Ukisoma haraka utasema, basi watoe vyote. Lakini watafiti haohao waliona kwamba kwa wanawake wa miaka 30 hadi 39, kutoa ovari hakukuleta faida kubwa zaidi ya kuziacha. Na kumbuka kwamba hawa walipasuliwa na wataalamu walioondoa pia vidonda. Kutoa kizazi ni kazi ambayo madaktari wengi wa hospitali zetu kubwa wanaijua vizuri. Kuchambua vidonda vilivyoshikamana na utumbo au mrija wa mkojo ni kazi nyingine. Sisi wa mashariki tunaijua fistula. Tumezoea kudhani inaletwa na uzazi mgumu na ukatili tu, lakini kisu kikiteleza wakati wa kutoa kizazi kilichogandamana nacho kinaweza kuileta. Kumuuliza daktari, "Umeshafanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na nikikutwa na vidonda kwenye utumbo utafanya nini?" si dharau. Daktari mzuri hujibu bila kukasirika, na mwingine atasema mwenyewe, nenda kwa fulani.

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yetu, kanisa limechangia maumivu. Tulimwuliza dada: kabla ya karatasi hii, ulitumia dawa gani? Akasema ibuprofeni, dawa za infeksyo, na majani. Basi. Hakuna aliyewahi kumpa dawa ya homoni. Na dawa hizo ziko! Ziko katika kituo cha afya, katika chumba kile cha uzazi wa mpango ambacho wasichana wetu hukipita mbio wasionekane. Vidonge vya kila siku vinavyonywewa mfululizo bila kuacha siku za hedhi. Sindano ya kila miezi mitatu. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka. Kitanzi chenye homoni kinachowekwa ndani ya kizazi. Vyote hivi huzuia mimba, ni kweli, lakini pia hulaza ugonjwa, hupunguza hedhi au kuisimamisha, na kwa wengi maumivu hushuka sana. Ile sindano ndogo ya Sayana Press ina dawa ileile, kwa kipimo kilekile, ambayo Marekani iliruhusiwa tangu 2005 kwa maumivu ya endometriozi. Iko pia dawa ya vidonge iitwayo dienogest, inayotumika kwa ugonjwa huu, lakini ni ghali na kuipata huku ni shida.

Dada alikuwa anaogopa kijiti kwa sababu rahisi: alihofia wazee wa kwaya wangemwona mkono umefungwa bandeji, wamtoe madhabahuni. Msichana asiyeolewa, kijiti cha nini? Tulinyamaza kidogo tuliposikia hilo. Yaani alikuwa karibu kukubali kutolewa kizazi, ambako hakuna kurudi nyuma, kuliko kutumia dawa inayotolewa kwa dakika tano, kwa kuogopa macho yetu. Wachungaji wanaosoma hapa, tunawaomba mlisemee jambo hili kabla binti mwingine hajaulizwa.

Dawa hizi zina matata yake. Damu inaweza kutoka ovyo miezi ya kwanza, wengine hunenepa, wengine hupata huzuni; sindano ikitumiwa miaka mingi hupunguza nguvu ya mifupa kiasi, na ukiiacha mimba inaweza kuchelewa miezi mingi kurudi. Haziponyi ugumba, na ukiziacha ugonjwa unaweza kuamka. Zipewe angalau miezi mitatu hadi sita kabla ya kusema zimeshindwa, na moja ikishindwa, jaribu nyingine.

Kuna ushauri mwingine ambao tungependa ufe: "Olewa, uzae, utapona." Tumeusikia kwa shangazi, kwa wauguzi, hata kwa wachungaji. Wakati wa mimba na kunyonyesha hedhi hukatika, na wengine hupumzika kweli, lakini ugonjwa hurudi kwa wengi, na mtoto si kidonge. Tena ni ushauri wa kikatili kwa mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ndio unaochelewesha mimba.

Kuhusu watoto, hatukumdanganya dada. Kizazi kikitoka hakirudi, na hakuna mimba tena. Mwandishi na mwigizaji wa Marekani Lena Dunham aliandika mwaka 2018 kwamba alitolewa kizazi akiwa na miaka 31 baada ya miaka mingi ya endometriozi. Hakusema alikosea, maumivu yalikuwa yamemmaliza. Mwaka huohuo ilibidi apasuliwe tena, atolewe ovari moja. Na mwaka 2020 aliandika jinsi alivyojaribu kupata mtoto kwa mayai yake yaliyobaki, ili mama mwingine ambebee mimba, ikashindikana. Ni mwanamke mwenye pesa na madaktari ambao sisi hatuna. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa 1999, haukuhusu kutoa kizazi bali kufunga uzazi, lakini una somo: katika miaka kumi na minne, waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini waliojuta walikuwa kama 20 kwa 100, kwa waliozidi umri huo, kama 6. Umri unabadilisha moyo. Anayesema leo "sitaki mtoto, nataka usingizi" anasema kweli, na kweli hiyo inaweza kuwa nyingine baada ya miaka mitano.

Lakini tusiegemee upande mmoja. Kuna wanaosema mwanamke ambaye hajazaa asiguswe kizazi hata maumivu yamwue. Hatukubaliani nao. Tunajua mama aliyejaribu kila kitu, aliyekuwa akiongezewa damu mara kwa mara, aliyeacha kazi na shamba. Alitolewa kizazi akiwa na miaka 33, na leo anafundisha shule. Analia bado siku fulani, hasa mtoto anapobarikiwa kanisani. Anasema pia angefanya vilevile. Uamuzi wake ulikuwa wa haki kwa sababu aliufanya akijua yote, na hakuna aliyemsukuma. Wala hakugeuka mwanaume, kama walivyosema majirani. Ovari zake zipo. Damu "haijazani tumboni", maana tandiko lililokuwa linatoa damu halipo tena. Baada ya majuma sita hivi, kidonda kikiwa kimepona, aliweza kurudi kwenye tendo la ndoa na mumewe. Majuma hayo sita yana kazi kwa chama cha wamama: asibebe maji, asilime, asipande moto kwenye barabara ya mashimo. Zamu ya madumu ya maji ni huduma inayoeleweka kuliko ziara ya kumuuliza ilikuwaje.

Na sahihi ni ya nani? Tumeona karatasi zimetiwa sahihi na baba, na mume, na mjomba anayelipa, mgonjwa akiwa kitandani hajaulizwa. Tumeona pia kinyume chake: familia ya mume inakataa upasuaji kwa sababu mahari ilitolewa na ng'ombe hawarudi. Familia ishauri, ilipe ikiweza, isindikize. Mwili unaopasuliwa ni wa binti mwenyewe, naye aseme ndiyo au hapana kwa kinywa chake, ikiwezekana baada ya kubaki peke yake na daktari kwa dakika chache.

Kuhusu maombi, dada alituuliza kama kwenda hospitali ni kukosa imani. Tulimkumbusha yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili na kumaliza mali yake yote kwa waganga. Yesu hakumkemea kwa kuwa aliwaendea. Alimpa nafasi aseme habari yake yote mbele ya umati, akamwita binti. Na kwa wale wanaohesabu thamani ya mwanamke kwa watoto, nabii Isaya, sura ya 56, aliwaahidi wasioweza kuzaa nafasi ndani ya nyumba ya Mungu, na jina bora kuliko wana na mabinti. Tunashangaa kwamba mahubiri juu ya sura hiyo ni machache sana makanisani mwetu.

Dada alirudi kwa daktari na maswali yake yameandikwa kwenye daftari la nyimbo, mama mchungaji akiwa pembeni. Daktari alisoma, akaketi vizuri, akasema kwamba kwa kweli kinachoonekana kwenye ekografi ni uvimbe wa ovari ya kushoto, na kwamba kizazi chenyewe kinaonekana sawa. Alikuwa ameandika vile kwa kuwa wagonjwa wengi wanaofika kwake wanataka jambo liishe mara moja. Walikubaliana aanze kijiti, apigwe ekografi nyingine baada ya miezi sita, na uvimbe ukikua apelekwe mahali penye kamera, utolewe uvimbe, kizazi kibaki. Mlango wa kutoa kizazi haukufungwa. Umewekwa mwisho wa safari, si mwanzo.

Mchumba wake aliambiwa Jumamosi iliyofuata, mbele ya shangazi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kijiti hicho kinapatikana wapi, na kama anaweza kumsindikiza. Miezi miwili imepita. Hedhi ya kwanza ilikuwa mbaya, ya pili alifika kwenye mazoezi ya kwaya.